Nimeshamwandikia, Nilimwandikia Jana: Hali Timilifu ya Kiingereza katika Vitenzi vya Mawasiliano

Mhadhara kwa walimu wa lugha, waandishi wa habari na watumishi wa ofisi



Wakati uliopo, hali timilifu, ni umbo la kitenzi cha Kiingereza linaloeleza kwamba jambo limetendeka na kwamba bado linaihusu saa ya kusema. Katika shughuli za mawasiliano umbo hili hutumika kutwa kucha: "I have written to the supplier", "She has not replied", "We have been informed", "Have you spoken to the doctor?" Msemaji wa Kiswahili hulikuta likifanana sana na kiambishi chake cha -me-, na kufanana huko ndiko kunakomsaidia hatua za mwanzo na kumpoteza hatua za mbele.

Lengo la mhadhara huu ni kuonyesha jinsi umbo hilo linavyofanya kazi katika vitenzi vya kusema, kuandika, kupiga simu, kujibu na kuarifu, na kuainisha mahali ambapo -me- na "have" huachana njia. Jambo lenyewe lina uzito katika eneo la Afrika Mashariki. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Nchini Tanzania na Kenya ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za sekondari. Barua za zabuni, ripoti za hospitali na maombi ya kazi huandikwa kwa Kiingereza na watu ambao mawazo yao mengi huzaliwa kwa Kiswahili. Njeo, yaani wakati wa kitenzi, ikikosewa katika maandishi kama hayo, msomaji hukosa kujua iwapo jambo limekwisha, linaendelea, au halijaanza.

Hoja zitakazotolewa ni saba, na zote zinasimama juu ya kanuni moja: hali timilifu ya Kiingereza ni taarifa kuhusu sasa, hata pale inapozungumzia tendo lililopita.

1. Umbo lenyewe

Hali timilifu huundwa kwa kitenzi kisaidizi "have", au "has" kwa nafsi ya tatu umoja, kikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi kikuu. Walimu waliomo ukumbini wanalifahamu umbo hilo la tatu kwa orodha zinazokaririwa darasani: "speak, spoke, spoken", "write, wrote, written", "ring, rang, rung", "tell, told, told", "send, sent, sent". Makosa ya mwanzo huzaliwa hapa. "She has spoke to him" na "I have wrote to you" hutokana na kuchukua umbo la pili mahali pa la tatu. Kitenzi "read" kinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu maumbo yake yote matatu huandikwa sawa, lakini la pili na la tatu hutamkwa kama "red", jina la rangi nyekundu. Anayesoma kwa sauti "I have read your report" akatamka kama wakati uliopo humshtua msikilizaji.

Katika mazungumzo, hasa ya simu, kisaidizi hufupishwa mpaka kibaki sauti moja. "He's told me" ni "He has told me", ilhali "He's telling me" ni "He is telling me". Kinachotofautisha ni kitenzi kinachofuata. "I'd told him" ni jambo jingine tena, kwani hapo kisaidizi ni "had" na tendo limerudishwa nyuma zaidi.

Kwa nini Kiingereza hutumia kitenzi cha kumiliki kujenga njeo? Katika Kiingereza cha kale, "have" ilikuwa na maana yake kamili: mtu alieleza kwamba anayo barua, nayo ikiwa imeandikwa. Kwa karne nyingi muundo huo uligeuka taratibu ukawa unaeleza tendo la kuandika. Asili hiyo imeacha alama. "Have" ni kitenzi cha wakati uliopo, na kwa hiyo kirai kizima kimefungwa kwenye sasa.

2. Maana: tendo la nyuma, hali ya sasa

Mwanafalsafa Hans Reichenbach, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1947, alieleza njeo kwa nukta tatu: nukta ya tendo, nukta ya kusema, na nukta ambayo msemaji anasimama kulitazama tendo. Katika "I wrote to her", msemaji amejipeleka nyuma, kwenye siku ile ya kuandika. Katika "I have written to her", tendo liko nyuma vilevile, lakini msemaji amesimama papa hapa, sasa, akitazama lilivyoiacha hali ya mambo. Tofauti ya sentensi hizi mbili ni tofauti ya mahali pa kusimama.

Mwanaisimu Bernard Comrie, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu hali za vitenzi, aliainisha matumizi manne ya hali timilifu. Yote manne yanaonekana waziwazi katika mawasiliano.

La kwanza ni matokeo. "I have told the driver" maana yake dereva sasa anajua, na hakuna haja ya mtu mwingine kumwambia. La pili ni uzoefu. "Have you ever spoken to the Commissioner?" huuliza kama tukio hilo limewahi kutokea hata mara moja katika maisha ya mtu. La tatu ni hali inayoendelea. "We have been in touch since March" husema kwamba mawasiliano yalianza Machi na hayajakatika. La nne ni tukio la karibuni. "The headmaster has just announced the results" humletea msikilizaji habari mbichi.

Hapa Kiswahili ni hazina kwa mwalimu, kwa kuwa kina vifaa vinavyolingana na vielezi vya Kiingereza karibu kimoja kwa kimoja. "Nimeshamwambia" ni "I have already told him". "Hajajibu" ni "He has not replied yet", tofauti kabisa na "Hakujibu", ambayo ni "He did not reply". "Umewahi kuzungumza naye?" ni "Have you ever spoken to him?" na "Sijawahi kuzungumza naye" ni "I have never spoken to him". Mwanafunzi anayezitofautisha -ja- na -ku- bila kufikiri anayo tayari tofauti ambayo vitabu vingi vya Kiingereza huieleza kwa kurasa kadhaa. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba anayo.

Kuhusu uzoefu, Kiingereza kina sharti la ziada: mhusika awe bado anaweza kulitenda tendo hilo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, yu hai, na kwa hiyo husemwa "Gurnah has written about Zanzibar". Mlango wa kuandika tena uko wazi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kwa hiyo husemwa "Shaaban Robert wrote poems and essays". Lakini athari yake haijafariki. Sentensi "Shaaban Robert's books have taught many readers" ni sahihi, kwa sababu kiima chake ni vitabu, na vitabu bado vinafundisha.

3. Wakati ukitajwa, hali timilifu huondoka

Hii ndiyo kanuni inayovunjwa zaidi na wasemaji wa Kiswahili. Kiingereza hakiruhusu hali timilifu kukaa pamoja na kielezi kinachotaja wakati mahususi uliokwisha. "I have called him yesterday" si sahihi. Inayokubalika ni "I called him yesterday". Vivyo hivyo kwa "last week", "in 2019", "on Monday", "two hours ago" na "at ten o'clock".

Chanzo cha kosa kinajulikana. Kiswahili cha kila siku huuliza "Umempigia lini?" au "Barua umeituma lini?" na hakuna anayetikisa kichwa. Katika Kiingereza, neno la kuuliza "when" linadai wakati mahususi, na kwa hiyo linaifukuza hali timilifu. "When have you called him?" hugeuzwa kuwa "When did you call him?" Mazungumzo ya kawaida ya ofisi hupita kwenye mpaka huu mara moja tu. Huanza: "Have you sent the letter?" Jibu: "Yes, I have." Kisha: "When did you send it?" Jibu: "I sent it on Friday." Swali la kwanza linauliza hali ya jambo sasa, la pili linauliza siku, na kuanzia hapo njeo haigeuki tena.

Historia inatoa mfano mzuri. Tarehe 10 Machi 1876, mjini Boston, Alexander Graham Bell alizungumza kwa simu na msaidizi wake Thomas Watson aliyekuwa katika chumba kingine. Kwa Kiingereza tukio hilo ni "Bell spoke to Watson by telephone in 1876". Kuandika "has spoken" mbele ya mwaka huo ni kosa, hata kama matokeo ya mazungumzo yale yapo katika mfuko wa kila mtu aliyemo ukumbini. Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2021. Novemba ya mwaka huo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwandishi anayetaka kueleza hali ilivyo ataandika "UNESCO has declared 7 July World Kiswahili Language Day". Anayetaka kueleza lini ataandika "UNESCO declared it in November 2021". Vyote viwili ni kweli. Kosa ni kuvichanganya katika sentensi moja.

Kuna vielezi vinavyotegemea saa ya kusema. "Has anyone phoned this morning?" huulizwa asubuhi ikiwa haijaisha. Mchana ukishaingia, swali hugeuka: "Did anyone phone this morning?" Aidha, "She has just called" na "She called just now" zote ni sahihi, ingawa kwa Kiswahili zote mbili ni "Amepiga simu sasa hivi". Neno "just" peke yake huandamana na hali timilifu. "Just now" huandamana na wakati uliopita.

Ni haki kuongeza kwamba Kiingereza cha Marekani kimelegeza sehemu ya kanuni hizi. Mmarekani husema kwa kawaida "Did you call her yet?" na "I already told him", mahali ambapo Mwingereza husema "Have you called her yet?" na "I've already told him". Hilo si kosa, ni lahaja. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki, anayetahiniwa kwa mizani ya Uingereza, ashike utaratibu wa Kiingereza cha Uingereza, na asimsahihishe Mmarekani. Lakini katika katazo la "yesterday", Mwingereza na Mmarekani wana kauli moja.

4. Mawasiliano yanayoendelea

Kiswahili husema "Tunawasiliana tangu Januari" kwa kiambishi -na-, na sentensi imekamilika. Anayeihamisha kama ilivyo hupata "We are communicating since January", na hilo halikubaliki. Kiingereza hudai hali timilifu kila tendo linapoanza nyuma na kufika sasa: "We have been communicating since January", au kwa wepesi zaidi, "We have been in touch since January".

Maneno mawili ya muda yatenganishwe. "Since" hutaja nukta ya kuanzia: "since Monday", "since the meeting". "For" hutaja urefu: "for two weeks", "for three years". "Tangu wiki mbili zilizopita" huzaa "since two weeks", lakini Kiingereza husema "for two weeks". Baada ya "since", kishazi cha kuanzia hubaki katika wakati uliopita: "We have not spoken since she moved to Mombasa". Kutoongea kunaendelea, kuhama kulitokea siku moja, kukaisha.

Hali ya kuendelea, "have been calling", husisitiza shughuli yenyewe na mara nyingi hudokeza kuchoka kwa mtendaji. "I have been trying to reach you since morning" ni maneno ya mtu aliyejaribu tena na tena. Pindi idadi inapotajwa, hali ya kuendelea huondoka: "I have called you three times", wala si "I have been calling you three times".

Muundo mmoja zaidi unaingia hapa. Barua nyingi za kujitambulisha huanza "This is the first time I am writing to you". Kiingereza sanifu husema "This is the first time I have written to you", kwa sababu "mara ya kwanza" ni hesabu ya yote yaliyotendwa mpaka sasa.

5. Pale -me- isipokuwa "have"

Kiambishi -me- kina kazi ambayo "have" haina: hueleza hali aliyomo mtu. "Amelala" kwa Kiingereza ni "He is asleep", na "amesimama" ni "He is standing". Tabia hiyo imeenea hadi katika mawasiliano, na ndiko makosa yanakojificha, kwa sababu sentensi ya Kiingereza inayotokea huwa na umbo sahihi lakini haiendani na hali.

"Nimeelewa" husemwa "I understand". "I have understood" si kosa la umbo, lakini katika mazungumzo ya kawaida husikika kama mtu anayetoa ripoti kuhusu akili yake. "Nimekubaliana nawe" ni "I agree with you". "Nimefurahi kupata barua yako" ni "I am pleased to receive your letter". "Amenyamaza" ni "He is silent". "Simu yake imezimwa" ni "His phone is off". "Umenisikia?", anapouliza mama akiwa jikoni, ni "Did you hear me?"

Kipimo ni rahisi. Mwandishi ajiulize: -me- hii inaeleza tendo lililotimia au hali iliyopo? Ikiwa ni tendo, kama vile kutuma, kusema, kujibu au kutangaza, "have" ndiyo njia. Ikiwa ni hali, kama vile kuelewa, kukubali, kufurahi au kunyamaza, wakati uliopo wa kawaida ndio unaofaa.

6. Kila kitenzi na mahitaji yake

Hali timilifu ikishajengwa vizuri, kitenzi cha mawasiliano bado hudai shamirisho lake na kihusishi chake. Kwa bahati njema, tofauti ya "say" na "tell" iko wazi katika Kiswahili. -sema haihitaji mtu wa kuambiwa. -ambia haiwezi kusimama bila yeye. "He has said that he is coming" ni "amesema". "He has told us that he is coming" ni "ametuambia". "He has told that he is coming" ni sawa na kusema "ameambia kwamba anakuja", na hakuna Mswahili atakayeikubali.

Vitenzi vingine havina msaada wa namna hiyo, na hapana budi vishikwe kwa moyo. "Discuss" hakitaki "about": "We have discussed the budget". "Contact", "phone" na "call" havitaki "to" wala "with": "I have contacted the bank". "Request" kikiwa kitenzi hakitaki "for": "We have requested a meeting". Kinyume chake, "reply" na "speak" huomba "to": "They have replied to our letter". "Answer" hakiombi: "They have answered our letter". "Hear from" ni kupata habari kutoka kwa mtu mwenyewe. "Hear of" ni kujua tu kwamba yupo. "I have never heard from him" na "I have never heard of him" zinatenganishwa na kihusishi kimoja, na maana zake ziko mbalimbali kabisa.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika kauli ya kutendwa. Kiswahili hugeuza kwa urahisi mlengwa wa habari kuwa kiima: "nimeambiwa", "nimeelezwa", "nimejibiwa", "nimepigiwa simu". Kiingereza hukubali baadhi tu. "I have been told", "I have been informed", "I have been asked" na "I have been assured" ni sahihi. "I have been explained" na "I have been replied" si sahihi, kwa kuwa "explain" na "reply" havimchukui mtu kuwa shamirisho la moja kwa moja. Husemwa "It has been explained to me", "I have received a reply" au "My letter has been answered". "Say", "announce", "mention" na "suggest" hufuata njia hiyohiyo: "The matter has been mentioned to us".

7. Mpangilio katika habari, kumbukumbu na barua

Waandishi wa habari waliohudhuria wanaijua hoja hii kwa vitendo. Taarifa ya redio, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hufungua kwa hali timilifu na kuendelea kwa wakati uliopita. "Waziri ametangaza bei mpya za mafuta. Aliwaambia waandishi jana kwamba..." Kwa Kiingereza: "The Minister has announced new fuel prices. She told reporters yesterday that..." Sentensi ya kwanza inamweka msikilizaji katika sasa na kumpa habari, zinazofuata zinamrudisha kwenye tukio, na humo hubaki.

Kumbukumbu za kikao hufanya kinyume. Zinaandikwa ili zisomwe hata baada ya miaka, na "sasa" ya mwandishi haitakuwepo tena. Kwa hiyo huandikwa kwa wakati uliopita tangu mwanzo: "The Chairperson informed members that the letter had been sent".

Katika barua rasmi uchaguzi wa njeo hubeba dhamana. "We informed you on 3 May" ni ushahidi wenye tarehe. "We have informed you" ni tamko kwamba taarifa imefika na msomaji amefungwa nayo. Hospitalini, "Has the patient been told?" huuliza kama mgonjwa sasa anajua, na jibu la hapana ni wito wa kwenda kumwambia. "Was the patient told?" huuliza kilichotendeka siku fulani, na mara nyingi ni swali la uchunguzi. Muuguzi anayezitofautisha hujua kama anatakiwa ainuke au afungue faili.

Hoja zote hizi zinakutana katika barua fupi iliyotungwa kwa ajili ya mhadhara huu. Ni ya karani wa ghala la kahawa mjini Moshi, anayemwandikia mnunuzi wa ng'ambo:

"I am writing to you since January but I am not replied. I have called your office on Monday and I have been told that the manager has travelled. We have discussed about the price last month. This is the first time we are waiting so long."

Msomaji ataielewa, lakini kila sentensi imebeba Kiswahili chini yake. Ya kwanza ni "ninakuandikia tangu Januari" na "sijajibiwa". Ya pili imetaja Jumatatu huku ikishikilia hali timilifu. Ya tatu ina makosa mawili, "last month" na "about". Ya nne ni hesabu ya mara isiyo na njeo yake. Ikisahihishwa, barua husomeka hivi:

"I have been writing to you since January but have not had a reply. I called your office on Monday and was told that the manager was away. We discussed the price last month. This is the first time we have had to wait so long."

Hali timilifu imebaki katika sentensi ya kwanza na ya mwisho, zinazoeleza hali ya jambo sasa. Mbili za katikati, zenye siku na mwezi, zimerudi katika wakati uliopita. Mpangilio huo, wa sasa mwanzoni, matukio katikati na sasa mwishoni, ni kiunzi cha barua yoyote ya kufuatilia jambo.

Mwelekeo wa mbele

Mambo matatu yanahitaji kufanywa. La kwanza ni kwa walimu: hali timilifu ifundishwe kupitia kazi za mawasiliano, kama vile kuuliza iwapo ujumbe umefika, kutoa habari mpya na kufuatilia jibu, badala ya kuishia kwenye orodha za maumbo matatu ya kitenzi. La pili ni kwa watunzi wa vitabu: viandikwe vitabu vya sarufi vinavyolinganisha Kiingereza na Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, ili -ja-, -mesha- na -wahi ziwe ngazi ya kupandia, na -me- ya hali ielezwe wazi kabla haijamkwaza mwanafunzi. La tatu ni kwa wakuu wa ofisi na wahariri: barua na taarifa zipitiwe kwa macho ya msomaji anayetaka kujua jambo moja tu, yaani limefikia wapi.

Kiswahili hakimzuii mtu kukimudu Kiingereza. Anayekijua Kiswahili barabara anazo tayari tofauti nyingi ambazo Kiingereza kinazidai. Analohitaji ni kuonyeshwa mpaka ulipo. Kabla ya kuandika "have", ajiulize kama ametaja siku au saa iliyokwisha. Akiwa ameitaja, aandike wakati uliopita. Akiwa hajaitaja, na jambo bado linaihusu saa anayoandika, aandike hali timilifu bila kusita.